Sura ya Tisa: Baraza la Ndani

Penseli ilizama ukutani mpaka kikabaki kifutio.

Niliichomoa, nikapanda juu ya kigoda, nikaichomeka tena karibu na dari. Ikazama vilevile. Ufa ule ulianzia sakafuni, ukapanda wima kama uliopigwa timazi, ukaishia kwenye kenchi za paa. Nimesomea ujenzi hadi stashahada, nimekagua nyumba za watu Ruhuwiko na hapa Majengo, Songea, najua ufa unavyotembea. Ufa unapinda. Unafuata maungio ya matofali, unakata kona, unatafuta penye udhaifu. Huu haukuwa unatafuta kitu. Ulikuwa umesimama tu, kama mtu anayesubiri kuulizwa.

"Bado unaitekenya nyumba ya watu?"

Abasi alikuwa mlangoni mwa korido. Alikuwa ametoka dukani kwake, anakouza saruji, misumari na bati, na kama kawaida vumbi la saruji lilikuwa limemkaa kwenye kope. Ndivyo nilivyomkuta hata siku ya kwanza, nilipokwenda kununua futi ya kupimia nikaiona imekatika mwanzo, tukagombana mbele ya wateja. Kope zile nyeupe zilinirudisha wiki iliyofuata kununua misumari nisiyokuwa na kazi nayo.

"Shuka, utaanguka," akasema, akanishika kiuno.

"Sijamaliza."

"Mama yuko uani."

"Basi niache."

Hakuniacha mara moja. Nami sikumsukuma mara moja. Kisha sufuria ikagonga jiwe uani, kila mtu akashika adabu yake.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu ya kujua. Mjomba wangu Twaha alikuwa njiani kutoka Tunduru, angefika baada ya adhuhuri, na alikuwa anakuja kusikia neno moja kutoka kwa Mzee Juma Mbawala, baba yake Abasi. Kwetu Matemanga, mwanaume akioa anajenga nyumba kwenye uwanja wa mama wa binti. Mama yangu alisema hivyo tangu posa ilipopelekwa, na hajabadilisha hata nukta. Mzee Juma naye alisema mwanawe hataenda kujenga ukweni, bibi harusi ndiye atakayekuja kwenye nyumba ya ukoo. Mjomba aliagizwa hivi: mzee akikubali, tupange nikaha, akikataa, posa irudi ilikotoka na mimi nirudi naye Matemanga.

Mzee hakuwa mtu mbaya. Kuonyesha kwamba ananitaka, aliniomba mwenyewe nichore ramani ya nyumba yake, nimwonyeshe jinsi ya kututengea vyumba viwili vya mbele na choo cha ndani. Alitaka mjomba aione akiwa amekaa sebuleni. Ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa kwenye kigoda na penseli.

Nilishuka, nikaketi juu ya kile kibaraza cha udongo kilichoko koridoni, kinapopangwa ndoo za maji. Mara nikasimama tena. Nikakitazama.

"Abasi, hiki kilijengwa lini?"

"Kipi, kibaraza? Kilikuwepo. Tukiwa watoto tulikuwa tunakaa hapo kusubiri uji."

"Nani anajenga baraza ndani ya korido? Mtu akae hapa apige soga na nani, na ndoo?"

"Wewe mtoto wa korosho, una maswali."

"Jibu."

"Sijui. Babu aliamua."

Nikasogeza ndoo. Nikagonga ukuta ulio nyuma ya baraza, ukalia kizito, wa fito na udongo wa kukandikwa, mnene kama mkono wangu. Nikavuka ufa nikagonga upande wa pili. Matofali mabichi. Juu ya yote hayo limepita bati moja, na mbele rangi moja ya kijani, kwa hiyo mtu akiwa barabarani anaona nyumba moja ya vyumba sita kama nyumba nyingine za Majengo. Ila haikuwa moja.

"Hapa palikuwa nje," nikasema.

"Nje wapi?"

"Hapa ulipokanyaga. Hili ni baraza la nje la nyumba ya zamani, hii ya nyuma. Halafu akaja mtu akajenga nyumba ya pili mbele yake, akaiegemeza, akaezeka pamoja. Huu si ufa, Abasi. Ni mahali nyumba mbili zinapokutana. Baba yako anauziba kila kabla ya mvua na unaachia kila baada ya mvua kwa sababu hizi nyumba hazijawahi kushikana. Zimesimama karibu tu."

Alipitisha kidole pale. Aliuza saruji ya kuziba pale kila mwaka, na baba yake hakuruhusu fundi yeyote aguse. Mzee alichanganya mwenyewe, akapaka mwenyewe.

"Vyumba vya nyuma alikuwa anakaa nani?" nikamuuliza.

"Bibi mkubwa. Mama yake Bibi Sharifa, mkewe babu. Babu alimchukua akamtunza hapa mpaka akafa. Baba anaipenda hiyo habari, anaitoa kila msiba, kwamba babu alikuwa mkwe wa mfano."

Nikagonga tena ukuta wa udongo. Akanitazama. Niliona jambo lile linavyomfikia, taratibu, kutoka kwenye paji la uso hadi mdomoni.

"Nyumba ya zamani ni ya bibi mkubwa," akasema.

"Ndiyo."

"Babu ndiye aliyekuja."

"Hakumchukua mtu. Yeye ndiye aliyechukuliwa."

Abasi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanishika mabega, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo siku nyingine ningeipenda.

"Biasha, tumeoana. Umesikia? Tumeoana leo. Akisema tu hakuna Mbawala aliyejenga ukweni, namfungulia ramani mbele ya mjomba wako. Aone. Hana pa kushika."

"Hutafungua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni baba yako, na mgeni ni mjomba wangu."

"Ndiyo maana. Mbele ya mgeni hawezi kubisha."

"Hawezi kubisha, atakubali, na kila nikimpelekea chai atakuwa ananiona mimi ndiye niliyemvua nguo sebuleni kwake. Utakuwa umenioa wewe. Nyumba itakuwa haijanioa."

"Maneno mazuri. Jioni ukiwa kwenye gari na mjomba wako utayala?"

Iliuma, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nimeshawaza lile gari. Nilikuwa nimewaza nitakaa kiti gani, na kwamba nitapita mbele ya duka lake bila kugeuka.

"Ukifungua kinywa," nikamwambia, "naenda na mjomba kwa miguu yangu, hata baba yako akikubali."

"Unanitisha."

"Nakuarifu."

Aliniacha mabega. Alisimama kidogo, akijaribu kukasirika, akashindwa, akajaribu tena, akaweza. Akaondoka kwenda uani bila kugeuka. Nikasikia mama yake, Mama Ashura, anamuuliza kuku amekosa nini mpaka ananyonyolewa kwa hasira.

Nikamalizia ramani palepale, karatasi ikiwa juu ya kibaraza.

Mzee Juma aliingia na karai la saruji iliyokwisha kuchanganywa, mwiko umechomekwa ndani. Alikuwa amevaa kanzu ya wageni na kandambili za kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nipishe kidogo niuzibe huo ufa kabla mgeni hajafika. Unanitia aibu."

"Haitashika, baba. Pale nyuma ni udongo, saruji haikai na udongo."

"Kila mwaka inashika."

"Ingekuwa inashika, usingerudia kila mwaka."

Aliinama na karai lake, akabaki ameinama. Nilidhani mgongo umembana. Kisha akaliweka chini, polepole, akautazama ule ufa na si mimi.

"Umemwambia Abasi?"

Hakuuliza nimemwambia nini. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua siku zote.

"Ndiyo, baba."

"Na mjomba wako?"

"Sijaongea naye. Yuko njiani."

"Hiyo ramani umeichoraje?"

"Nimeichora ilivyo nyumba. Sijui kuchora vingine."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei akaona haifai kupatana. "Basi," akasema. Akaenda kubadilisha kandambili. Karai akaliacha pale pale, na mimi sikujua ile basi ilikuwa na maana gani.

Mjomba Twaha alifika na mfuko wa korosho begani na vumbi la safari kwenye kofia. Nilimpokea mzigo, akanitazama usoni muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

"Umekonda," akasema.

"Sijakonda, mjomba."

"Basi umependa. Vinafanana." Akamgeukia Mzee Juma. "Assalamu alaykum. Nimeacha korosho zangu chini zinaokotwa na nyani ili nije kusikia jibu, kwa hiyo, mzee mwenzangu, lisiwe refu."

"Waalaykumu salaam. Kwanza ule. Nyani wenyewe wanakula."

Walikula wali na kuku sebuleni, wakasifu chumvi, wakaulizana mvua. Mimi na Mama Ashura tulikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Abasi alikaa mkabala nami, na kila nilipoinua macho nilimkuta ananitazama, kisha anatazama ramani niliyoiviringisha mapajani. Nilitikisa kichwa mara moja. Akatazama pembeni. Taya lake lilikuwa linacheza. Nilitamani kumshika lile taya, na nilitamani kuligonga ukutani, vyote kwa wakati mmoja.

Mjomba alinawa mikono, akajifuta, akaanza.

"Dada yangu kanipa maneno machache. Anataka nyumba ya vyumba viwili kwenye uwanja wake, ijengwe na anayemuoa mwanawe. Alijenga baba yake Biasha. Nilijenga mimi kwa mke wangu, na bado niko hai. Wakitaka kuishi huku Songea, waishi, wana kazi zao. Lakini mtoto awe na pa kurudi ambapo hakuna wa kumwambia toka."

"Hapa nani atamwambia toka?" Mzee Juma akauliza. "Nimempa vyumba vya mbele. Nimempa choo cha ndani. Ramani kachora mwenyewe."

"Ni vizuri sana. Ila vyumba ni vyako."

"Sijawahi kumfukuza mtu."

"Sijasema umewahi. Nimesema ni vyako."

"Na nyumba ya huko Matemanga itakuwa ya nani? Ya mwanangu?"

"Ya mkewe."

"Unaona. Anajenga kwa jasho lake, anaweka bati, halafu si yake. Hebu niambie, mwanaume anayehamia ukweni kwenu anaitwaje?"

"Anaitwa mume."

Mama Ashura aliziba mdomo kwa pindo la kitenge. Mzee Juma hakucheka.

"Hapa anaitwa mgeni," akasema. "Anakaa miaka, anazaa, anazeeka, na bado ni mgeni. Watoto wake nao wageni. Mimi sitaki wajukuu zangu waitwe hivyo. Katika ukoo huu wa Mbawala hakuna mwanaume ali..."

Aliishia hapo.

Abasi alikuwa amenyanyuka nusu, mikono kwenye magoti. Nilimkazia macho na safari hii hakunitazama. Alikuwa anamtazama baba yake, na baba yake alikuwa anatazama mapaja yangu, palipokuwa na ile karatasi iliyofungwa uzi. Mjomba alisubiri sentensi imalizike. Nje mtu alikuwa anapigisha muziki wa simu dukani, ukakatika, ukaanza tena.

Nilijua nikikaa kimya, Abasi atasema. Abasi akisema, yamekwisha, kwa namna moja au nyingine. Nikainuka, nikavuka sebule, nikapiga magoti mbele ya Mzee Juma, nikampa ramani kwa mikono miwili.

"Hii ni yako, baba," nikasema. "Uliniomba wewe. Uifungue ukipenda, na usipopenda uiweke."

Nikarudi kwenye mkeka. Abasi akakaa chini pole pole.

Mzee alikaa na karatasi bila kuifungua muda mrefu kiasi kwamba mjomba akachukua korosho moja kwenye mfuko wa zawadi yake mwenyewe, akaibonyeza, akairudisha. Kisha mzee akafungua uzi. Akaitandaza juu ya meza, akaweka glasi kwenye kona zisijikunje. Niliona macho yake yanatembea kutoka mbele kwenda nyuma, yakafika koridoni, yakasimama.

"Hapa umechora nini?"

"Pale ukuta unapokutana na ukuta, baba."

"Naona. Nauliza hiki kimstari cha pembeni."

"Ubao. Badala ya saruji. Mwembamba, kutoka sakafuni hadi kenchi, unafunika uwazi. Unapigiliwa misumari upande mmoja tu."

"Kwa nini upande mmoja?"

"Ukipigilia pande zote mbili utapasuka. Ile ya udongo ikilowa inavimba kidogo, ya matofali haifuati. Kila nyumba ina mwendo wake. Zikiachiwa nafasi, zitasimama pamoja muda mrefu sana. Zikilazimishwa ndiyo zinabomoana."

"Hizi ni nyumba mbili?" mjomba akauliza, akiinama juu ya meza. Mjomba wangu amejenga, anajua kusoma ukuta kwenye karatasi. Akaweka kidole kwenye kibaraza, akakunja uso, kisha uso ukakunjuka. Alifungua kinywa. Akamtazama mzee, akakifunga. Nilimpenda mjomba siku hiyo kuliko siku zote.

"Ni mbili," Mzee Juma akasema. "Hiyo ya nyuma ni ya bibi yangu, mzaa mama. Baba alikuja na mkeka na jembe, akalala kwenye baraza hilo siku ya kwanza, kwa sababu mkwe alikuwa hajamwandalia mahali. Kisha akafyatua matofali, akajenga hii ya mbele. Bibi akampa kiwanja kwa mdomo wake. Nilikuwa sijazaliwa." Alitoa kofia, akaishika. "Nilipoanza madrasa, wenzangu walikuwa wananiita mtoto wa mgeni. Nilikuwa narudi hapa nalia. Baba alikuwa ananiambia nyamaza, hii ni nyumba yako. Nilipokua nikaanza kuziba pale. Nilitaka paonekane pamoja."

Mama Ashura, aliyelala nyumba moja naye tangu usichana wake, alikuwa anamtazama mumewe kana kwamba kaingia mtu mwingine na kanzu ile ile.

"Alikuwa na furaha?" Abasi akauliza. Sauti yake haikuwa ile ya asubuhi. "Babu."

Mzee Juma alifikiri. Nadhani lile swali hakuwahi kujiuliza.

"Alimzika mkwewe akalia kuliko watoto wa marehemu," akasema mwisho. "Ndiyo. Alikuwa na furaha. Mwenye shida nilikuwa mimi."

Akaiviringisha ramani, akaifunga uzi, akanirudishia mimi badala ya kuiweka kabatini.

"Twaha, mwambie dada yako mwanangu atakuja kujenga. Matofali afyatue yeye, asije na mafundi wa kukodi, nitauliza. Na hiyo nyumba iwe na baraza. Nje, siyo ndani. Nikija kutembelea wajukuu nataka pa kukaa ambapo si chumbani kwa mkwe."

"Litakuwa baraza refu," mjomba akasema. "Tukae wote wawili." Akachukua ile korosho, sasa akaila. "Na nyani wangu wamekula bure, ila sawa."

Mama Ashura alikwenda koridoni kuchukua maji, tukamsikia analalamika. Saruji ya asubuhi ilikuwa imeganda kwenye karai lake zuri, mwiko umesimama ndani yake kama bendera, na nani atautoa.

"Mimi," Abasi akasema, akanitafuta kwa macho. "Biasha, njoo unishikie."

Hatukuutoa. Tulisogeza ndoo, tukaketi kwenye kibaraza cha bibi mkubwa, migongo kwenye ukuta wa udongo, ufa ukiwa karibu na bega lake. Udongo ulikuwa wa baridi. Alinuka kuku na sabuni.

"Ungeondoka kweli?" akauliza chinichini. "Kama ningesema."

"Kweli."

"Kwa miguu yako."

"Kwa gari, Abasi. Matemanga ni mbali."

Alicheka bila sauti, nikahisi bega lake linatikisika dhidi ya langu. Kisha akaacha kucheka, akanigeukia, na kope zake zilikuwa safi. Alikuwa ameoga kwa ajili ya mjomba. Nilizitamani zile nyeupe. Nilimpitishia kidole kwenye jicho kana kwamba bado lina vumbi, akalifumba, akakiacha kidole changu kikae hapo.

"Sasa hapa tulipo," akasema, jicho limefumbwa, "tuko nje au tuko ndani?"

"Uko kwenye baraza la mkwe," nikamwambia. "Zoea."